Shilingi Iliyogoma Kutua

Niseme mapema, tusije tukalaumiana mbele ya safari: Sholay nimeitazama mara zisizopungua arobaini, na mpaka mwaka jana nilikuwa sijui kama Jai anakufa.

Najua unachotaka kusema. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, mzaliwa wa Tanga, anakosaje kujua? Muuza kahawa anajua. Bibi anayekaanga mihogo pale kona anajua, na ukimkuta siku yake nzuri atakuigizia. Hata mke wangu, aliyekulia Iringa na asiyependa picha za Kihindi kwa sababu, anasema, watu wanaimba wakati wa kukimbia, anajua. Naomba nieleze kwanza hali ya mkanda wetu.

Maktaba yetu ya filamu, kama naruhusiwa kuiita hivyo, ilikuwa mikanda mitatu iliyokaa juu ya kabati la vyombo pale Ngamiani, imefunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingiwe na vumbi wala kijicho cha majirani. Deki aliileta baba mdogo, aliyekuwa baharia, kutoka Dubai mwaka 1989. Wakati huo Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja; ITV ilikuja kuanza 1994. Kwa hiyo TV yetu ya chogo ilikuwa na kazi mbili tu: kuchezesha mikanda na, jioni ambazo hewa imetulia, kuinasa TV Zanzibar, iliyotufikia na chenga nyingi hata msoma habari akaonekana kama amesimama kwenye mvua ya mawe.

Mkanda mmoja ulikuwa Commando, ile ya mwaka 1985 ambayo Arnold Schwarzenegger anaingia akiwa na gogo begani kama anapeleka kuni kwenye msiba. Mwingine, uliokuja baadaye sana, ulikuwa Titanic, ila si Titanic yote. Filamu ile inapita saa tatu, na kwenye VHS iliuzwa mikanda miwili. Baba aliuziwa wa pili peke yake na kijana wa sokoni aliyeapa kuwa mzigo umekamilika. Kwetu sisi, basi, meli ile iko matatani tangu dakika ya kwanza. Kuna kijana na msichana wanakimbizana kwenye maji na wanapendana sana. Walikutania wapi, hatujui, na hatukuuliza. Mpaka leo Mama akiisikia Titanic ikitajwa husema, "Ah, ile ya mafuriko."

Wa tatu ndio huo Sholay.

Kwa wachache waliolelewa msituni: ni picha ya Ramesh Sippy, iliyotoka India tarehe 15 Agosti 1975, na katika jumba la Minerva pale Bombay ilionyeshwa zaidi ya miaka mitano mfululizo. Thakur, askari polisi mstaafu aliyekatwa mikono yote miwili na jambazi Gabbar Singh, anawakodi wezi wawili, Jai na Veeru, wakamkamate jambazi huyo akiwa hai. Jai ndiye Amitabh Bachchan, mrefu, mkimya, mwenye shati la jinzi. Veeru ni Dharmendra, mropokaji. Na Jai ana shilingi yake. Kila wanapobishana, waende au wasiende, waokoe mtu au wakimbie, anairusha juu, shilingi inaamua, na Veeru anakubali.

Sisi watoto wa mtaa ule tuliicheza Sholay kama watoto wengine wanavyocheza kombolela. Kaka yangu, aliyenizidi miaka sita, alikuwa Jai. Mtoto wa jirani alikuwa Thakur. Aliingiza mikono ndani ya fulana na siku nzima hakuweza kujifuta kamasi. Mimi, kitinda mimba, nilikuwa Sambha. Ukiitazama picha utamwona: ni yule jamaa wa Gabbar anayekaa juu ya jabali na bunduki. Picha nzima inapita saa tatu, na Sambha maneno yake hayajai kiganja. Anaulizwa na bosi wake serikali imeweka zawadi kiasi gani kwa atakayemkamata, anajibu rupia elfu hamsini, basi, kazi imeisha. Jabali langu lilikuwa ukuta wa choo cha uani. Nilipanda na kijiti cha fagio, nikasubiri kuulizwa. Siku moja wenzangu waliitwa kula wakanisahau, na mimi nikabaki juu mpaka adhana ya magharibi, kwa sababu Sambha hashuki asipoitwa. Bibi alikuja chooni na kopo lake la maji, akaona kivuli cha mtu juu ya ukuta ameshika bunduki, na yaliyofuata hayakuwemo katika picha.

Nani awe nani tuliamua kwa shilingi. Kaka alikuwa nayo yake, zile za zamani zenye Nyerere upande mmoja na mkono ulioshika mwenge upande wa pili. Kufikia miaka hiyo hata pipi hainunui, lakini kwa kurusha hapakuwa na kama ile: nzito, pana, inazunguka vizuri hewani. "Kichwa au mwenge?" Kaka alichukua kichwa kila siku, kwa maelezo kuwa Jai naye huchukua kichwa. Sisi tukabaki na mwenge. Ikitua, aliikanyaga kwa mguu, akafunua kidogo, akasema, "Kichwa," akaitia mfukoni. Hatukuruhusiwa kuigusa. Eti ina historia.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa Sambha kwa miaka minne.

Sasa nije kwenye mkanda. Mwaka 1991 mama mdogo aliolewa, na familia ikaamua arusi ichukuliwe video, jambo la fahari kubwa. Mpiga video akaja na kamera kubwa kama cherehani, akaiweka begani, akatangaza kwamba mkanda wake umeishia kwenye arusi ya jana. Maduka yamefungwa, bwana arusi yuko njiani. Baba mdogo, mtu wa bahari asiyeshindwa na kitu, akaingia ndani akatoka na Sholay.

Waliowahi kumiliki mikanda wanakumbuka kile kijino cha plastiki kwenye ubavu wake. Ukikivunja, mkanda haurekodiki tena. Ndiyo ilikuwa kinga ya kitu ukipendacho. Na wanakumbuka pia kwamba kinga yenyewe ilishindwa na kipande cha selotepu kilichobandikwa juu ya tundu. Baba mdogo akabandika selotepu. Baba akapaza sauti kutoka uani, "Rekodi mwishoni! Picha ikiisha kuna nafasi!" Hakuna aliyepeleka mkanda mwishoni. Waliurekodia hapo hapo ulipokuwa umesimama, na ulikuwa umesimama pale ambapo Mama aliuzima usiku uliopita akaenda jikoni kwa haraka, kama alivyokuwa akifanya kila mara picha ikifika mahali hapo. Kwa nini, sikujiuliza. Nilikuwa na miaka sita.

Kwa hiyo Sholay yetu ilikwenda hivi. Jai, Veeru na Basanti, mchumba wa Veeru, wametoroka kwa Gabbar, wamefika darajani, risasi zimebaki chache, majambazi wanakuja. Lazima mmoja abaki kuwazuia. Jai anatoa shilingi. Anairusha. Shilingi inapanda, inang'aa juani, na papo hapo anatokea shangazi yetu, gauni la njano, sinia la pilau kichwani, anacheza chakacha.

Zinafuata dakika 19. Bwana arusi anatoa jasho. Mzee mmoja anapiga kipaza sauti kwa kidole, moja mbili, moja mbili, kisha anakirudisha bila kusema neno. Kuna mtoto analia chini ya meza, na huyo ni mimi. Wanawake wanapiga vigelegele, kamera inayumba, tunaonyeshwa feni ya dari kwa muda mrefu sana. Halafu chenga, halafu mara Thakur anamkanyaga Gabbar kwa viatu vyenye misumari.

Jai hayupo tena. Mwishoni Veeru anaondoka na treni akiwa na huzuni, na sisi watoto tukajiuliza rafiki yake kaenda wapi. Kaka ndiye aliyetupa jibu. Alisimamisha picha, akaweka kidole kwenye kioo: nyuma ya foleni ya pilau kuna mtu mrefu, amegeuza mgongo, shati la jinzi. "Si huyo hapo?" Tukatazama. Mungu wangu, ni yeye! Jai ameponyoka, amekuja Tanga, anakula arusini kwetu. Ndiyo sababu ya Veeru kununa: hakualikwa.

Usicheke. Ulikuwa ushahidi wa macho, na uliungwa mkono na sheria ambayo kila mtoto wa Kitanzania aliijua kabla ya kujua kusoma: stelingi hafi. Shuleni nilisikia uvumi kwamba Jai aliuawa darajani. Niliubisha kwa ngumi. Aliyekufa nimemwonaje anaongezewa nyama?

Mama, ambaye katika usichana wake aliiona Sholay sinema, aliujua ukweli wote na hakusema. Ila tangu arusi ile hakukimbilia jikoni tena. Ikifika darajani aliketi sawasawa, shilingi ikipaa akaanza kutabasamu, na shangazi akitokea na sinia lake Mama aliungana naye kwa vigelegele. Naamini ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa akiitazama Sholay na kulala kwa amani.

Tatizo lilikuja siku ambayo jirani wa barabara ya pili naye alipata mkanda wake. Barazani, kwenye bao, akataja kwa raha jinsi Thakur anavyomuua Gabbar mwishoni. Baba akainua kichwa. "Anamuua nani? Polisi wanamzuia." "Polisi gani?" "Wanaokuja mwishoni." "Hakuna polisi." Kete zikaachwa. Wakaanza kuitana waongo kwa heshima, kisha bila heshima. Nilikuja kujua ukubwani kwamba wote wawili walikuwa sahihi: picha ilipigwa mwisho ambao Thakur anamuua jambazi kwa miguu yake, wakaguzi wa filamu wa India wakakataa, wakati ule nchi ikiwa katika hali ya hatari, kwamba aliyekuwa askari polisi hawezi kuonyeshwa akijichukulia sheria. Mwisho ukapigwa upya, polisi wakaingizwa. Lakini nakala zenye mwisho wa kwanza ziliendelea kuzunguka dunia, na moja ikafika barabara ya pili.

Wazee wakaamua kila mmoja aende kwa mwenzake akashuhudie. Baba alirudi usiku, mpole. "Wao wana picha yao," alisema tu. Jirani naye alikuja kwetu siku ya pili, akakaa mpaka mwisho, akawaona polisi, akaguna. Alipokuwa anavaa kandambili mlangoni, akauliza swali moja:

"Yule mama wa pilau, yuko upande wa Gabbar?"

Ukubwani nilijaribu kuiona Sholay iliyo kamili, Mungu ni shahidi. Mara ya kwanza ilikuwa banda umiza, benchi bila egemeo, madirisha yamezibwa kwa viroba, watu sabini wanapumua hewa ya watu kumi. Siku hizo picha zilikuwa zinatiwa maneno ya Kiswahili, na Dar es Salaam kulikuwa na Lufufu, ambaye kwa koo lake moja aliweza kuwa jambazi, polisi na bibi wa jambazi. Kenya wana DJ Afro wao, Uganda wana VJ Jingo wao. Banda letu lilikuwa na mwenye banda. Alikaa pembeni ya TV na kipaza sauti, akatafsiri Kihindi asichokijua. Kwa tafsiri yake Thakur alikuwa anawadai Jai na Veeru kodi ya nyumba. Nyimbo zote alizikimbiza mbele, maana picha ya saa tatu inakula nafasi ya picha mbili na yeye anauza viingilio. Majambazi wa Gabbar walipovamia kijiji siku ya sherehe ya rangi, jenereta likakohoa, likafa. Akatangaza gizani kwamba wale majambazi walishindwa, twendeni nyumbani.

Mara ya pili ilikuwa basi la kutoka Tanga kwenda Dar. Kilomita zaidi ya 300, muda upo, picha safi. Tulifika Basanti anapolazimishwa na Gabbar kucheza juu ya vipande vya chupa ili mchumba wake asipigwe risasi. Mzee mmoja siti ya mbele akasimama akalalamika kwamba amepanda basi na wakwe zake na mbele yao anachezewa mwanamke. Siti ya nyuma wakapinga: mwanamke mwenyewe analia, analazimishwa! Basi zima likagawanyika. Konda akatoa Sholay, akaweka kaswida. Upande wa pili wakalalamika, akatoa kaswida, akaweka kwaya. Tukafika Dar tukiwa tunatazama feni za viwandani katika tangazo la biashara lililojirudia kuanzia Chalinze.

Mara ya tatu nilinunua DVD iliyoandikwa "Sholay" kwa kalamu ya bluu. Ndani ilikuwa Commando.

Niliitazama, nifanye nini. Na hapa niseme neno juu ya faida ya kurudia picha moja mara nyingi, maana watu hutucheka. Anayetazama mara moja anaona hadithi. Anayetazama mara arobaini anaona gari. Kuna Porsche ya njano katika Commando: inabiringishwa, inalalia ubavu, ubavu wa kushoto unakunjika kama bati la kibanda. Schwarzenegger anaisukuma, inasimama kwa magurudumu yake, anaingia, anaondoka. Kabla hajafika mbali, ubavu umenyooka, rangi inameta. Nimeishi Dar miaka mingi na nimepeleka gari Gerezani mara nyingi, na sijaona fundi wa bodi anayefanya kazi kwa kasi hiyo.

Turudi mwaka jana. Sikukuu ya Idi tulikutana kwa Mama, mimi na Kaka, wote sasa watu wa Dar wenye vitambi na mikopo. Mjomba alikuwa anahitaji kuja mjini kutolewa mtoto wa jicho, na lazima afikie kwa mmoja wetu. Mjomba tunampenda, lakini Mjomba ana tabia moja ambayo imevunja urafiki mwingi: ukitazama naye kitu chochote, anakueleza kinachofuata. Mpira wa marudio, tamthilia, hata utabiri wa hali ya hewa. "Huyu mbaya. Huyu atamsaliti. Huyo mtoto si wake." Mke wangu ana tamthilia yake ya saa mbili usiku ambayo hata watoto hawaruhusiwi kukohoa. Mke wa Kaka naye ana yake.

"Tusigombane kama watoto," alisema Kaka, akatia mkono mfukoni. "Turushe."

Nikashindwa. Mjomba akaja kwangu na begi moja na redio, akakaa majuma kumi na moja.

Juma la tatu, jicho likiwa bado limefunikwa, binti yangu akatafuta kwenye intaneti akaipata Sholay nzima, safi kama imeoshwa. Tukaketi. Nilikuwa naona vitu ambavyo chenga zilinificha miaka yote. Yale majabali ya mbali, ambayo ni ya Ramanagara karibu na Bangalore, nilidhani ni ukungu. Binti yangu wa miaka tisa, mtu wa maswali, akauliza: kama kijiji hakina umeme na yule mjane wa nyumbani kwa Thakur kila jioni anazima taa za mafuta moja moja, lile tangi kubwa la maji ambalo Veeru amepanda akiwa amelewa na kutishia kujirusha, maji yanapandaje? Mara arobaini, na sijawahi kuliona hilo! Mjomba akamjibu kwamba wanapandisha kwa ndoo, na kwamba Veeru hatajirusha.

Mke wangu aliondoka chumbani Mjomba alipomweleza Gabbar atakamatwa na nani.

Tukafika darajani. Risasi chache. Majambazi wanakuja. Jai akatoa shilingi. Nikiri kwamba mwili wangu ulijiandaa wenyewe. Mikono ilikuwa tayari kwa makofi, masikio yanasubiri chakacha. Shilingi ikapanda, ikang'aa.

Ikatua.

Nilisimama. Binti akaniuliza, "Baba, nini?" Sikuweza kumjibu. Kitu kilichokuwa hewani tangu 1991 kimeshuka mbele ya macho yangu na hakuna shangazi, hakuna sinia.

"Ina vichwa viwili hiyo," alisema Mjomba, jicho moja kwenye TV.

"Ipi?"

"Shilingi. Pande zote kichwa. Huyu amekuwa akimwongopea mwenzake tangu mwanzo. Sasa atabaki, na atakufa. Mwenzake ataikuta mkononi mwake, ndipo atajua."

Ikawa hivyo hivyo. Jai alibaki, akalilipua daraja, akafa mikononi mwa Veeru, taratibu, kwa muda wa kutosha mtu kuanza na kumaliza kilio. Nililia. Binti alilia. Kumbe Mama alikuwa anakimbilia jikoni kwa ajili ya hili. Veeru akaigeuza ile shilingi, kichwa, akaigeuza tena, kichwa, na mimi machozi yananitoka nikahisi kitu kingine kinanipanda kifuani, ambacho si huzuni.

"Kaka yako aliipenda sana sehemu hii," aliendelea Mjomba. "Baba yenu alipoupata tu huo mkanda, alikuja karakana kwangu na shilingi mbili. Nikazisaga kwa tupa, hii upande huu, hii upande huu, nikaziunga. Kazi safi! Ukiipitisha ukucha ubavuni husikii mshono. Sijui aliipeleka wapi."

Nilijua alikoipeleka. Usiku ule sikulala. Nilichukua daftari la mahesabu ya shule la binti yangu nikaanza kuorodhesha. Miaka minne juu ya ukuta wa choo. Firigisi za kuku wote wa sikukuu tangu 1990. Upande wa kitanda wenye tundu la chandarua. Kuteka maji, Jumatatu hadi Jumapili. Baiskeli ya Baba. Suti moja tuliyoletewa na baba mdogo, ambayo kwa kweli ilinitosha mimi. Kwenda kumwambia Bibi kwamba mbuzi wake tumempoteza. Nikafika ukurasa wa tatu, nikasikia sebuleni Mjomba anaisimulia taarifa ya habari ya kesho.

Asubuhi nikapiga simu.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Mzee anaendeleaje?"

"Mzee hajambo. Kaka, ile shilingi unayo bado?"

"Shilingi gani?"

"Mjomba ameniambia."

Kimya kidogo. "Mjomba haoni vizuri."

"Haoni vizuri mwaka huu. Mwaka 1990 alikuwa anaona mpaka mshono."

Akacheka, kile kicheko cha kupima maji. Akasema zilikuwa akili za utoto, na tena alijifunza kwa Jai, ambaye ni mtu mwema. Nikamwambia Jai alidanganya ili afe yeye, mwenzake apone. Wewe ulidanganya ule firigisi. Akasema ngoja, tusifike huko. Akaniuliza habari za watoto. Akaniuliza kuhusu mvua. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema hospitali imempangia Mjomba kurudi mwezi wa pili kwa jicho la kushoto, na itabidi tujue mapema atafikia wapi.

"Kwako," nikasema.

"Hilo si la kuamuliwa na mtu mmoja. Turushe."

"Kwa simu?"

"Si unaniamini? Ninarusha hapa hapa mezani, utaisikia. Wewe mwenge, kama kawaida."

"Hapana," nikasema. "Safari hii kichwa nachukua mimi."

Hakujibu. Nilisikia feni ya ofisini kwake ikizunguka, nikasikia kiti kikisogezwa, kisha droo ikifunguliwa na vyuma vikichokorwa ndani yake.

"Subiri kidogo," alisema. "Nitafute nyingine."